Barua ya wazi: Boksi la vizibo halilindi masikio ya mfanyakazi wa Nairobi

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya na Usalama Kazini, Wizara ya Kazi. Kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa wasimamizi wa MSEA, mamlaka ya biashara ndogo ndogo. Na kwa wenye viwanda na karakana wa Industrial Area, Baba Dogo, Kariobangi na Kamukunji.

Waheshimiwa,

Tunaandika tukiwa wapimaji wa kelele, mafundi wa mitambo na wahudumu wa vipimo vya usikivu. Ombi letu kuu ni moja, na mengine yote humu ni matawi yake. Mkaguzi akiingia kiwandani asianze kwa kuuliza, "Vizibo vya masikio viko wapi?" Aulize kwanza, "Kelele hii inatoka wapi, na tangu mwaka jana mmeipunguza kwa desibeli ngapi?" Desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti.

Swali la vizibo limekuwa jepesi mno kujibu. Boksi linatolewa kabatini, daftari la sahihi linafunguliwa, bango la "Vaa kinga ya masikio" linapigwa picha na kubandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi wa mwaka, na habari imeishia hapo. Kanuni za mwaka 2005 za kuzuia na kudhibiti kelele mahali pa kazi zinadai zaidi ya hayo. Zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 wa saa 8 katika kila saa 24, na zinakataza mshindo wa ghafla unaozidi desibeli 140 wakati wowote. Kelele ikipita desibeli 85, mwenye mahali pa kazi anatakiwa kuwa na mpango ulioandikwa wa kudhibiti kelele na kuhifadhi usikivu. Sheria mama, ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inahusu kila mahali pa kazi, na hata mtu aliyejiajiri amewekewa wajibu ndani yake. Kwa hiyo banda la Kamukunji limo ndani ya sheria sawa na kiwanda cha Lunga Lunga Road, hata kama hakuna mkaguzi aliyewahi kulifikia.

Tuanze na vizibo hivyo hivyo, maana ndivyo vinavyotegemewa.

Namba iliyochapwa kwenye boksi, iwe imeandikwa NRR au SNR, hutaja desibeli ambazo kinga hupunguza, lakini ilipatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kizibo vizuri wakiwa wametulia vitini. Kiwandani mambo ni mengine. Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, ilishauri namba ya NRR ya kizibo cha sponji ikatwe nusu kabla ya kuitumia kwenye hesabu, na ya vifuniko vinavyokaa juu ya masikio ikatwe robo. Kizibo cha NRR 29 basi kihesabiwe kama 14 au 15. Anayekiweka juu juu mlangoni mwa sikio, kikachungulia nje kama kifuniko cha kalamu, hapati hata hizo.

Kukivaa kuna utaratibu, na unachukua kama nusu dakika kwa kila sikio. Mikono iwe safi. Sponji inaviringishwa kwa vidole mpaka iwe nyembamba bila mikunjo. Mkono wa pili unapita juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia yake inyooke. Kizibo kinasukumwa ndani, kisha kinashikiliwa kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka kivimbe na kujaa. Kukijaribu ni rahisi: funika masikio yote mawili kwa viganja ukiwa umesimama kwenye kelele. Kelele ikishuka sana, kizibo hakijakaa. Ikibaki karibu vile vile, kimekaa. Sasa mfikirie fundi mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, asiye na sinki karibu, anayetakiwa kurudia haya kila anapotoka na kurudi. Atakivaa mara moja asubuhi, akitoe wakati wa chai, na hatakirudisha. Akikirudisha kikiwa kichafu, uchafu wote wa mkono umeingia sikioni pamoja nacho.

Kuna hesabu ambayo wasimamizi wengi hawajaonyeshwa. Chukua kinga inayopunguza desibeli 30 kamili. Ikitolewa kwa dakika 30 tu katika zamu ya saa 8, ulinzi wa siku nzima unashuka hadi karibu desibeli 12. Ikivaliwa nusu ya zamu, unabaki na desibeli 3. Sababu ni kwamba dakika hizo chache zisizo na kinga zinabeba karibu nishati yote ya sauti ya siku hiyo. Kwa hiyo bora kinga hafifu inayovumilika saa zote 8 kuliko kali inayotolewa kila mara. Kinga kali kupita kiasi nayo ina hatari yake. Kwenye chumba cha desibeli 88, anayezibwa kwa desibeli 30 za kweli hasikii folklifti ikirudi nyuma wala mwenzake akipiga kelele ya hatari, na ataitoa ili asikie. Lengo liwe kubakiza desibeli 70 hadi 80 sikioni.

Vifuniko vya masikio vina matatizo yao. Jasho na joto hukausha mito yake, ikawa migumu na kupasuka, na hapo kelele hupenya. Miguu ya miwani ya usalama huiinua mito ikaacha mwanya. Kitambaa kizito cha hijabu hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo dada anayefunga hijabu apewe kizibo kinachoingia ndani. Kuvaa kizibo na kifuniko pamoja hakujumlishi namba mbili, bali huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi. Pamba ya kawaida haifai kitu, na visikilizio vya simu ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu mtu hupandisha muziki mpaka uishinde mashine.

Mkaguzi akitaka kujua ukweli wa boksi, asiombe kuliona. Aombe risiti za ununuzi. Kiwanda chenye watu 60 kwenye kelele, siku 6 kwa wiki, jozi moja kwa zamu, kinahitaji jozi 360 kwa wiki. Boksi la jozi 200 linaisha kabla siku ya nne haijakwisha. Kama risiti ni mbili kwa mwaka mzima, jibu limeshapatikana.

Basi kelele inatoka wapi? Katika viwanda vingi vya plastiki, chupa, uchapishaji na vyakula, chanzo cha kwanza tunachoelekeza kidole ni hewa ya kompresa. Bomba lililokatwa wazi, linalotumika kupuliza vumbi au kusukuma bidhaa kwenye mkanda, hutoa mlio mkali kwa sababu hewa yenye kasi kubwa inagongana na hewa iliyotulia. Ukali wa mlio huo hutegemea kasi kuliko kitu kingine chochote. Kinadharia, kasi ikipungua nusu sauti hushuka kwa desibeli 24 hivi. Hakuna kizibo cha sponji kitakachofanya hivyo kwenye sikio la kibarua. Weka kirekebisha presha karibu na sehemu ya kazi, ushushe kutoka baa 6 au 7 hadi baa 2. Marekani imeweka ukomo wa takriban baa hizo 2 kwa hewa ya kusafishia. Badala ya bomba wazi funga nozeli ya matundu mengi madogo, na usogeze nozeli karibu na kile kinachopulizwa ili hewa kidogo itoshe.

Kwenye valvu na silinda za hewa, funga visailensa vya shaba yenye vitundu kwenye tundu la kutolea. Kila mara vikifungwa, baada ya miezi kadhaa utavikuta vimetupwa pembeni, na wasimamizi husema wafanyakazi ni wakaidi. La hasha. Mafuta na maji kutoka kwenye kompresa huziba vile vitundu, silinda ikazembea, mashine ikachelewa, na opereta anayelipwa kwa idadi akaviondoa. Dawa ni kutega maji na mafuta kabla hayajafika, kuchagua sailensa ya saizi kubwa kidogo, na kuiweka kwenye orodha ya matengenezo ioshwe au ibadilishwe. Kwenye mashine yenye valvu nyingi, unganisha matundu yote ya kutolea kwenye bomba moja pana na ulipeleke nje ya chumba au kwenye sailensa moja kubwa.

Wenye viwanda wanaouliza gharama, wafanye zoezi hili wakati wa chakula cha mchana: zimeni mashine, acheni kompresa, mtembee mkisikiliza. Kila mluzi mnaousikia ni tundu. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya baa 7 linakula takriban kilowati 3 za umeme saa zote kompresa inapowaka. Bili ya Kenya Power itawalipia mafundi wa kuziba.

Feni nazo hazisemwi vya kutosha. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa asilimia 20, kelele yake hushuka kwa karibu desibeli 5. Nyingi zilifungwa kubwa kuliko haja, kisha hewa ikabanwa kwa kufunga damper (kilango cha kubana hewa) nusu, jambo linalozidisha kelele na kupoteza umeme. Badilisha puli, au weka kidhibiti mwendo.

Sasa Kamukunji, na kila mahali bati linapogeuzwa kuwa sanduku, karai, jiko au birika la kuku. Hapa kelele ni mishindo, na kipimo cha wastani pekee hakiitendei haki. Nyundo ikipiga bati kuna sauti mbili: mgongano wenyewe, na mlio wa bati linalotetemeka baada yake. Mlio huo ndio unaodumu na kusambaa, na ndio rahisi kuua. Bati lililolazwa wazi juu ya chuma linaimba. Likiwekewa mfuko wa turubai uliojaa mchanga kwa juu, au ukanda mnene wa mpira wa tairi kuukuu uliobanwa kwa jiliwa, halina nafasi ya kutetemeka. Fuawe nayo isikae juu ya simenti au juu ya pipa tupu. Iketi kwenye gogo zito lenye mpira chini yake, au kwenye sanduku la mchanga. Kama fuawe ni kipande cha bomba, kijazwe mchanga na kuzibwa pande zote. Panapokunjwa au kuviringishwa bati laini, nyundo ya mbao au ya nailoni inatosha, na haiachi makovu kwenye kazi.

Hata hivyo hatua kubwa zaidi kwa mabanda haya haiko mikononi mwa fundi mmoja. Mikunjo mingi ya masanduku na majiko hufanywa kwa nyundo kwa kuwa mashine ya kukunjia bati ni ghali kwa mtu mmoja. Mashine ya mkono ya kukunja na roli ya kuviringisha hufanya kazi hiyo kwa kubana, karibu bila mshindo. MSEA ikiweka moja ya kila aina kwa kila safu ya mabanda, kwa ada ndogo ya matumizi, itakuwa imeondoa mapigo mengi kwa siku bila kumhubiria mtu yeyote. Mapigo yatakayobaki, ya kunyoosha na kufunga pembe, yatengewe upande mmoja wa soko, mbali na wauzaji na wapika chai ambao leo wanapokea kelele yote bila hata kujua kwamba wamo kazini humo.

Tahadhari kidogo hapa. Kuna wanaobandika trei za mayai au vipande vya godoro ukutani wakiamini vinazuia kelele. Trei za mayai hazizuii lolote la maana. Sponji ya godoro hupunguza mwangwi kidogo, lakini ikipatwa na cheche za grainda huwaka haraka na kutoa moshi wa sumu. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi kiasi kwamba hatuhitaji kueleza zaidi.

Grainda ya mkono hutoa takriban desibeli 100 sikioni mwa anayeishika, na bomba au paipu ya mraba inayokatwa huongeza mlio wake. Libane karibu kabisa na mahali pa kukatia, si mwisho wa meza. Kwa geti na madirisha, ambako urefu ni ule ule mara mia, msumeno wa mkanda wa chuma ukate zote kwa pamoja na grainda ibaki ya kumalizia. Kwa mbao hatuna mengi: nolea visu vya randa na misumeno kabla havijabutuka, maana kisu butu hupiga kelele na kuharibu mbao, na mashine isiyokata izimwe.

Vinu vya posho vinastahili zaidi. Mwendeshaji husimama kando ya mdomo wa kinu siku nzima katika chumba kidogo cha mawe na bati, ambacho hakina kitu laini cha kumeza sauti isipokuwa magunia. Anza na uchakavu. Nyundo za ndani zibadilishwe seti nzima, na zile zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Ukibadilisha moja tu rota inayumba, beringi zinakufa na kinu kinanguruma. Kaza boliti, badilisha chekecheo iliyotoboka, linganisha puli na mkanda. Kisha chini ya fremu weka mpira mnene. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaweka mpira vizuri, halafu wanapitisha boliti ya chuma na kuikaza mpaka chuma kigusane na zege. Mtetemo unapita kwenye boliti kana kwamba mpira haupo. Boliti ivishwe bomba la mpira na washa ya mpira, na ikazwe kiasi. Mdomo wa kulishia urefushwe, upewe kona moja, na ufungwe pazia la vipande vya mpira vinavyopishana, kwa sababu ndio dirisha ambalo kelele ya ndani humtokea mwendeshaji usoni. Kati ya kinu na bomba la unga weka kiungo cha turubai.

Panapojengwa kibanda cha kufunika kompresa au jenereta, jambo moja huharibu kila kitu, nalo ni mwanya. Kuta zikiwa nzuri kiasi gani, tundu la asilimia 1 tu ya eneo lote huzuia punguzo lisipite desibeli 20. Plaiwudi ya milimita 18 iliyotandikwa sufi ya mawe ya milimita 50 kwa ndani inatosha kwa kazi nyingi, mradi mlango uwe na gasketi na mabomba yazungushiwe mpira yanapopita ukutani. Joto nalo lifikiriwe kabla ya kupigilia msumari wa kwanza. Kibanda kisicho na njia ya hewa hupandisha joto la mota, na fundi wa zamu ataacha mlango wazi tangu siku ya pili. Hewa iingie na kutoka kwa njia iliyopinda, yenye sufi ndani, ikisukumwa na feni ndogo.

Kuhusu upimaji. Ripoti nyingi tunazoletewa zina safu ya namba zilizochukuliwa kwa dakika chache kila chumba, mara nyingine nusu ya mashine zikiwa zimezimwa. Kipimo halali hueleza kifaa kilihakikiwa kwa kalibreta kabla na baada, mashine zipi zilikuwa zinawaka, na kila kundi la wafanyakazi linafanya nini kwa muda gani. Kwa wanaozunguka, kama fundi wa matengenezo, dozimita, kifaa kidogo kinachojumlisha kelele anayopokea mtu, ivaliwe begani zamu nzima. Kwa mishindo, kipimo cha kilele kiandikwe peke yake. Na tafadhali, desibeli hazijumlishwi wala kugawanywa kama shilingi. Mashine mbili za 90 zikiwaka pamoja ni 93. Saa moja ya 100 na saa moja ya 80 wastani wake ni 97, wala si 90. Tumeona kosa hilo la pili likiokoa kiwanda kisivuke mstari kwenye karatasi.

Urefu wa zamu nao unasahauliwa. Viwanda vingi vya Nairobi hufanya zamu mbili za saa 12. Kiwango cha 85 kwa saa 8 ni sawa na kama 83 kwa saa 12. Kondakta wa matatu anayeanza alfajiri na kushuka usiku, saa 16 kando ya spika, kiwango chake ni 82. Makondakta na madereva wanahesabiwa kama wasumbufu wa kelele mjini, ilhali wao ndio wafanyakazi walio ndani yake muda mrefu kuliko abiria yeyote.

Asiye na kifaa hakosi la kufanya. Kama watu wawili wenye usikivu mzuri, waliosimama mita 2 kutoka kwa mwenzao, wanalazimika kupaza sauti ili waelewane, kelele hapo iko karibu 85. Wakilazimika kufanya hivyo wakiwa mita 1, iko karibu 90.

Vipimo vya usikivu ndivyo vinavyotuumiza zaidi kitaalamu. Kelele huua seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, na hazioti tena. Uharibifu huanza kuonekana kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), pale ambapo mtu bado anasikia sauti za watu lakini haelewi maneno vizuri penye umati. Kuziwahi dalili hizi kunataka kipimo cha mwanzo kilicho safi, yaani baada ya angalau saa 14 bila kelele. Kinachofanyika mara nyingi ni hema au chumba cha ofisi ndani ya uwanja wa kiwanda, foleni ya watu wanaotoka kwenye mashine moja kwa moja, na jenereta inanguruma nje. Sikio lililochoka kwa muda hupimwa kama sikio lililoharibika, na matokeo hayo ya mwanzo yakiwa mabaya, hasara ya miaka ijayo haitaonekana kamwe kwa kulinganisha. Kiwanda kinafaidika na uzembe huo hata kama hakikuukusudia. Mpimeni mtu asubuhi kabla ya zamu, baada ya siku ya mapumziko, katika chumba chenye utulivu uliopimwa na kuandikwa. Masafa ya hezi 3000 na 6000 yasirukwe. Linganisha na kipimo cha kwanza: wastani wa 2000, 3000 na 4000 ukiporomoka kwa desibeli 10 kwenye sikio lolote, kitu kazini kimeshindwa, na kitafutwe.

Vibarua ndio wanaopotea hapa. Mtu anafanya kazi miezi mitatu kupitia wakala mmoja, miezi miwili kupitia mwingine, mara nyingi mashine ile ile. Hana kipimo cha kuanzia popote. Akija kudai fidia chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, kila mwajiri anaweza kusema aliletwa akiwa tayari kiziwi. Mpeni nakala ya kipimo chake aondoke nayo mfukoni, kwa jina lake na tarehe.

Wachapishaji, wapaka rangi za magari wa Kirinyaga Road na washona viatu wanaotumia gundi waongezewe uangalizi. Toluini, zailini na staireni, kemikali zinazopatikana katika kazi kama hizo, hudhuru sikio zenyewe, na zikichanganyika na kelele madhara huzidi. Kipimo chao kisisubiri kelele ifike 85.

Tunawaomba pia mguse ukomo wenyewe. Mwaka 1998 NIOSH ilikadiria kwamba katika watu 100 wanaofanya kazi miaka 40 kwenye wastani wa desibeli 90, 25 watapata ulemavu wa usikivu uliosababishwa na kazi. Kwenye 85 ni 8. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaanza kumdai mwajiri hatua kuanzia 80, na tangu maagizo yao ya 2003 ukomo wao ni 87, tena baada ya kuhesabu kinga iliyovaliwa. Kanuni zetu zina miaka 20 na zaidi. Desibeli 90 ishuke iwe 85, na kila ongezeko la desibeli 3 likate nusu ya muda unaoruhusiwa, ili mtu wa grainda ajue kwamba kwenye 100 mgao wake wa siku unaisha kwa dakika 15.

Kaunti ina nguvu ambayo wizara haina: ndiyo inayotoa leseni za biashara na kujenga mabanda. Kinu kipya cha posho au karakana ya mbao isipewe leseni bila mtu kutazama mpira chini ya fremu na mdomo wa kulishia. Wanaoingiza mashine kuukuu kutoka nje nao wana wajibu kisheria kama waingizaji. Watakiwe waandike kwenye ankara kiwango cha kelele cha mashine na kama kifuniko chake cha asili kimo, kwa kuwa vifuniko hivyo huvuliwa ili kontena libebe zaidi, na mnunuzi wa Enterprise Road hajui kwamba kuna kitu kimekosekana.

Kwa fomu ya ukaguzi tunapendekeza ukurasa mmoja uongezwe, utangulie ule wa vizibo. Safu ya kwanza iorodheshe vyanzo vitano vikubwa vya kelele, kila kimoja na desibeli zake kwenye sikio la anayekihudumia. Ya pili iseme kilichofanywa kwenye chanzo chenyewe, pamoja na tarehe na risiti. Ya tatu itoe kipimo cha baada. Ya nne imtaje fundi anayehusika na matengenezo yake. Kamati ya usalama, ambayo sheria inaitaka kila palipo na watu 20 au zaidi, isaini ukurasa huo kabla ya mwajiri, na nakala ibandikwe ubaoni karibu na mashine ya kugongea kadi. Rasimu yake tunayo, na tuko tayari kuipitia pamoja na wakaguzi wenu ndani ya kiwanda chochote mtakachochagua, mashine zote zikiwa zinawaka.

Wenu katika kazi,
Wapimaji wa kelele, mafundi wa mitambo na wahudumu wa vipimo vya usikivu,
Nairobi